Mwaka Tulioiombea Laini ya Simu

Juzi tumemzika Mwalimu Teodori. Kabla mwili haujatolewa, kijana mmoja wa kanisani alisimama akasoma wasifu wa marehemu kwenye kipaza sauti kilichokuwa kinakoroma. Alizaliwa, akasoma, akafundisha, akastaafu, akahamia Kibamba. Halafu akasoma hivi: "Baada ya kustaafu, marehemu aliwasaidia vijana wengi wa mtaa wetu kufika chuo kikuu." Basi. Akameza mate, akaingia kwenye habari za ugonjwa wake. Mie nilikuwa kwenye mkeka na kina mama wenzangu, miguu imekufa ganzi, nikamwambia wa pembeni yangu, "Hayo yalifanyika sebuleni kwangu." Akanijibu, "Nyamaza Bibi Merina, watu wanalia." Nikanyamaza. Lakini sentensi ile moja nimelala nayo, nimeamka nayo. Nimechukua kalamu. Darasa la nne nililofika linanitosha kwa kazi hii, na atakayekuta makosa ya herufi ayasahihishe mwenyewe.

Mwaka huo nilikuwa bado nauza ndizi sokoni Mabibo. Natoka Kibamba alfajiri, narudi alasiri na chane zilizochubuka ambazo wateja wamezikataa. Pale sokoni wanachuo wa mabweni walikuwaga wateja wangu. Wanakuja wamependeza, simu mkononi, wananunua ndizi mbivu na karanga, na ndicho chakula cha mchana hicho. Kwa hiyo mie chuo kikuu sikukionea ajabu kama majirani zangu. Nilishaona wanaosoma wanashindaje. Siku Mwalimu alipokuja kuniomba sebule, nilimsikiliza nikiwa nimesimama mlangoni. Yeye alipanga chumba kimoja nyuma ya nyumba ya jirani, chumba ambacho kitanda na vitabu vilikuwa vinagombea nafasi.

"Bibi Merina, nina vijana wa kidato cha sita. Makwao kelele, hawana pa kukaa wakasoma."

"Watavua viatu?"

"Watavua."

"Simu zitakaa juu ya kabati?"

"Zitakaa."

"Na wakija kuchumbiana hapa?"

"Wafukuze, na mie nifukuze pamoja nao."

Nikakubali. Sebule yenyewe ilikuwa na meza, benchi la mbao, kabati la vyombo na mkeka. Televisheni sikuwa nayo na sikuitaka. Wavulana wakakaa benchi, wasichana mkekani, Mwalimu kwenye kiti changu, mie jikoni. Mlango wa jikoni nilikuwa siufungi. Nikipika ndizi na maharage nasikia yote, na wao wananisikia nikigonga mwiko kwenye sufuria pale utani unapozidi. Kijana mmoja anaitwa Gift, mwembamba kama ufito, alikuwa anasema, "Jamani, mwiko umeongea," na wote wanarudi kwenye vitabu. Wakimaliza wanakula. Hakuna aliyeondoka hajala, na hakuna aliyekula akaacha sahani haijaoshwa.

Mwalimu alikuwa na mtindo wake ambao sijauona kwa mwalimu mwingine. Ulipokaribia wakati wa kuomba vyuo, alisema hakuna atakayejaza kozi kabla hajanieleza mie kwa Kiswahili cha nyumbani atakwenda kusoma nini, na akimaliza atakuwa anafanya nini siku ya Jumatatu asubuhi. Mie naitwa kutoka jikoni, nakaa kwenye kigoda, mikono imejaa utomvu wa ndizi. Kijana anasimama.

"Shikamoo Bibi. Mimi nataka kusomea uongozi wa biashara."

"Marahaba. Biashara gani unayo?"

"Sina, Bibi."

"Sasa utaongoza nini?"

Wenzake wanacheka hadi benchi linalia. Mwalimu hacheki. Anamwambia, "Kaa. Kafikirie. Rudi kesho." Wengine walikasirika. Nilimsikia binti mmoja akinong'ona uani, "Yaani maisha yangu yapimwe na muuza ndizi?" Nikamjibu dirishani, "Yatapimwa na wengine wabaya zaidi yangu." Na yalipimwa. Gift ndiye aliyekuwa anataka kuongoza biashara, akaishia kujaza ualimu kwa sababu walisema ualimu unapewa mkopo haraka. Amesoma, amemaliza, sasa ni mwaka wa kadha wa kadha anajitolea kwenye shule ya msingi, anafundisha bila mshahara akingojea ajira zitangazwe. Msibani alikuwa ndiye anayepanga viti. Nilimuuliza, "Vipi huko?" Akasema, "Bado Bibi." Ndiyo hao vijana wengi waliofika chuo kikuu.

Lakini ninayetaka kumwandika ni Atupele. Alikuwa anakuja wa mwisho kila siku, anahema, kanga imelowa mbele, mikono imejikunja kwa maji na inanuka dawa ya kuulia vijidudu. Alikuwa anaishi kwa mjomba wake, Baba Brayani, karani wa ofisi moja mjini, mzee wa kanisa na mwenyekiti wa jumuiya yetu ya sala. Nyumba yao ina geti na vigae. Huyo mjomba ndiye aliyemsomesha, na kila mtu mtaani alijua hilo maana yeye mwenyewe halikumkauka mdomoni. Katika nyumba hiyo, chumba cha nyuma, alilala mama yake Baba Brayani, bibi yake Atupele, Bibi Tusa. Kiharusi kilimpiga upande mzima. Mkono mmoja ulikuwa unafanya kazi na nusu ya mdomo. Atupele ndiye aliyekuwa anamwogesha, anamlisha, anamgeuza. Anamgeuza kabla ya kwenda shule, anamgeuza akirudi, anamgeuza kabla ya kuja kwangu na akitoka kwangu, na usiku anaamka.

Siku yake ya kunieleza ilipofika, alisimama, hakutazama daftari.

"Bibi, nataka kusoma fiziotherapia."

"Hilo ni jina. Niambie kazi."

"Mtu aliyelala kitandani, nimkalishe. Aliyekaa, nimsimamishe. Aliyesimama, nimtembeze."

Mwalimu akaniuliza, "Bibi umeelewa?" Nikasema nimeelewa. "Una maswali?" Nikasema sina, na nikarudi jikoni kwa sababu maharage yalikuwa yanaungua.

Baada ya hapo nilianza kwenda kumwona Bibi Tusa Jumapili baada ya ibada. Chumba chake kilikuwa kidogo, dirisha linatazama ukuta wa jirani, lakini kilikuwa kisafi. Shuka imenyooka. Harufu hakuna. Mtu aliyeuguza anajua maana ya neno hilo, harufu hakuna. Mgongo wa mama yule ulikuwa mweupe kwa poda, ngozi nzima, hakuna hata alama. Alikuwa anaongea polepole kwa ule upande wa mdomo, na alikuwa na maneno makali. "Dada Merina," aliniambia siku moja, "huyu mtoto ananigeuza kama chapati. Naogopa nitaiva." Atupele akacheka, akamwambia, "Bibi, tulia nikufute." Mie nikacheka pia, na mie si mwepesi wa kucheka.

Matokeo yalipotoka Atupele alifaulu vizuri kupita wote wa sebuleni kwangu. Akaomba vyuo kwa simu ya Mwalimu, lakini namba aliyoweka ilikuwa yake, ya kile kisimu chake cha vitufe. Na hapa lazima nieleze, maana asiyeyajua haya hataelewa. Laini za simu siku hizi zinasajiliwa kwa kidole. Mtoto ambaye hajapata kitambulisho cha taifa hana kidole kinachotambulika, kwa hiyo anasajiliwa laini kwa kidole cha mkubwa. Nyumba nzima za Kibamba zinatumia laini za kidole cha baba, cha bibi, cha shemeji. Laini ya Atupele ilikuwa imesajiliwa kwa kidole cha mjomba. Hakuna aliyeona tatizo. Mwalimu mwenyewe hakuona, na yeye alikuwa anaona vingi.

Vyuo viwili vikamkubali. Kimoja cha hapa hapa Dar, uuguzi. Kingine cha kaskazini, fiziotherapia. Aliyekubaliwa zaidi ya chuo kimoja anatumiwa namba za siri kwenye simu, anaziingiza kwenye kompyuta kuthibitisha chuo anachokitaka, na kuna tarehe ya mwisho. Ikipita hujathibitisha, umekosa vyote. Mwalimu aliwaeleza hayo mpaka mie jikoni nikayakariri. Namba za wenzake zikaingia, mmoja baada ya mwingine, wanaruka ruka uani. Za Atupele hazikuingia. Akashusha simu yake kutoka juu ya kabati, akaitazama, akaniletea jikoni. "Bibi, haisomi mtandao." Nikaigonga gonga kwenye kiganja kama nilivyozoea kufanya redio. Haikusoma.

Nikampeleka dukani kwa Mzee Awadhi. Huyu ni Mwarabu wa zamani pale, babu yake ndiye aliyefungua duka, anauza unga, mafuta, misumari, na pembeni ana kidirisha cha kusajili laini. Akatoa ile laini, akaiangalia, akamwangalia binti, akaniangalia mie. Akamwambia Atupele akamletee maji ya kunywa kwa mkewe ndani. Alipotoka akaniambia kwa sauti ya chini.

"Bi Merina, hii laini imekufa. Imerudishwa. Nilimrudishia mie mwenyewe, Jumatatu."

"Ulimrudishia nani?"

"Baba Brayani. Alikuja akasema laini yake imepotea, akaweka kidole, nikamtolea mpya yenye namba ile ile. Mwenye kidole ndiye mwenye laini. Wallahi sikujua kama anaitumia mtoto."

"Huwezi kumpa na huyu nyingine?"

"Kwa kidole cha nani?" Akaisukuma ile laini upande wangu, akasema, "Mie nina mabinti, Bi Merina. Usifikiri sioni ulichokileta hapa."

Atupele akarudi na maji. Hakuna aliyekunywa. Nilimwambia njiani, bila kuzunguka, na hakulia. Alisema tu, "Anti, Mama Brayani, alisema juzi kwamba nikiondoka itabidi waajiri watu wawili."

Jioni Mwalimu alikwenda kwa Baba Brayani, amevaa koti. Alirudi akakaa kwenye kiti changu kama mtu aliyepigwa. Alipokewa vizuri, soda, biskuti. Baba Brayani alimwambia kwamba matapeli wa mitandao wamezidi, kwa hiyo ameichukua laini kwa usalama wa mtoto, na ujumbe wowote ukiingia yeye mwenyewe atamwita. Haujaingia. Usipoingia, basi ni mapenzi ya Mungu, mtoto ataomba tena mwakani. "Hakuna aliyemkataza kusoma," alimwambia Mwalimu. "Mimi ndiye niliyemsomesha." Mwalimu akaniuliza, "Nitamwambiaje mzee wa kanisa kwamba anadanganya?" Kesho yake akaenda na binti mpaka ofisi za kile chuo cha Dar. Wakaambiwa namba za siri zinakwenda kwenye namba iliyosajiliwa, mje na laini. Wakarudi na vumbi.

Ilikuwa imebaki siku ya jumuiya, na siku ya pili yake ndiyo tarehe ya mwisho. Na jumuiya wiki hiyo ilikuwa zamu ya nyumbani kwa Baba Brayani.

Nilivaa kitenge changu cha msiba. Sebule yao ina makochi ya kuzama, ukikaa magoti yanakufikia kidevuni, kwa hiyo nikaomba kiti cha mbao. Watu walijaa mpaka barazani. Tukaimba, tukasoma neno. Baba Brayani akaongoza, shati jeupe, simu mfukoni mwa kifua. Atupele alikuwa anazunguka na birika la chai na maandazi. Ukafika wakati wa mahitaji ya maombi, ambapo kila mwenye shida anasema na jumuiya inamwombea. Mama mmoja akasema magoti. Mwingine mtoto yuko safarini. Mwingine nyumba imeingiliwa na wezi. Mie nikasimama.

"Mie nina hitaji la laini ya simu."

Vijana wa barazani wakaguna kicheko. Baba Brayani akatabasamu. "Laini, Bibi?"

"Laini. Kuna binti amekubaliwa vyuo viwili. Namba za siri zinatumwa kwenye laini yake na hazimfikii, na kesho ndiyo mwisho. Sijui zimekwama wapi. Naomba jumuiya iiombee laini hiyo, ujumbe umfikie mwenyewe. Na namwomba mwenyekiti aombe yeye, maana ana kipawa."

Nikakaa. Waliojua walitazama chini. Wasiojua wakasema, "Kweli, kweli, tumwombee." Atupele alikuwa amesimama na birika, haendi mbele wala nyuma. Na yule baba akafumba macho akaomba. Aliomba vizuri, sitamnyima hilo. Aliomba milango ifunguke, minyororo ikatike, kila kilichofungwa duniani kifunguliwe. Sauti ilitetemeka pale inapotakiwa kutetemeka. Watu wakaitikia Amina mpaka kioo cha kabati kikalia. Kisha akafumbua macho, akasema, "Karibuni chai." Mkono wake haukwenda mfukoni.

Nilishika andazi, nikaliona kama jiwe. Nilijua nimeshindwa. Hapo ndipo tukasikia kugonga. Ngo, ngo, ngo, ukutani, kutoka chumba cha nyuma. Bibi Tusa alikuwa na kikombe cha bati cha kuitia watu. Kuta za nyumba zile si nene, alikuwa amesikia ibada yote tangu wimbo wa kwanza. Mama Brayani akainuka kwenda, sauti ikatoka ndani, nzito, ya upande mmoja: "Sikukuita wewe. Namwita Amba." Huyo Amba ndiye Baba Brayani. Ambakisye. Akaenda. Mlango ukabaki wazi. Mie nikaenda nyuma yake nikasimama kizingitini, na hakuna aliyethubutu kunizuia.

"Amba. Ujumbe umekuja?"

"Mama, tuna wageni."

"Nimewasikia wageni. Nauliza ujumbe."

Baba Brayani akasema, kwa sauti ya mtoto kabisa, "Umekuja. Tangu juzi."

"Mpe."

"Nikimpa ataondoka."

"Mpe, Amba."

"Nani atakugeuza, Mama?" Akaanza kulia, mtu mzima, na watu wake wote wa jumuiya wanasikia. "Mke wangu anatoka alfajiri kama mimi. Wasichana wa kazi hawakai. Mimi siwezi, wewe ni mama yangu, siwezi kukuona ulivyo. Nani atakugeuza?"

"Najua huwezi. Sijakuomba unigeuze. Nimekwambia umpe."

Nitaandika ninaloamini. Kabla ya dakika ile nilimwona mwizi. Alikuwa mwizi kweli, lakini alichokuwa anaiba ni mikono ya kumhudumia mama yake. Akatoa simu, akazisoma zile namba kwa sauti, na Atupele akaziandika kwenye kiganja kwa kalamu niliyokuwa nayo kwenye mkoba. Bibi Tusa alikuwa amegeuzia uso ukutani. Kwa upande ule alikuwa hawezi kugeuka mwenyewe, ndivyo alivyokuwa amelazwa.

Tukatoka mimi na binti mpaka kwangu, ambako Mwalimu alikuwa anangoja na kompyuta ya kuazima. Akauliza, "Chuo kipi?" Mie niliona Atupele anavyotazama kiganja. Cha Dar kingemrudisha nyumbani kila jioni. Sikusema neno. Mwalimu naye hakusema. Sufuria ilikuwa jikoni inachemka na mie nikaiacha ichemke. Mwisho akasema, "Cha kaskazini." Mwalimu akaingiza.

Aliondoka na begi la kuazima. Kabla ya kuondoka alimfundisha msichana wa kazi mpya namna ya kugeuza, mto uwekwe wapi, kisigino kisigusane na godoro. Msichana yule alikaa kidogo akaondoka. Akaja mwingine, naye akaondoka na simu ya Mama Brayani. Wa tatu alikuwa mtoto, mwenyewe anahitaji kulelewa. Mie nilikuwa napita nikitoka sokoni, nikiwa na nguvu namgeuza, nikiwa sina nakaa tu. Mgongo wangu mwenyewe ni wa kubeba mikungu, ulishakwisha. Mwalimu alikuwa anakuja kumsomea gazeti, anakaa mlangoni kwa heshima. Harufu ilianza wakati wa mvua za vuli. Kwanza nilidhani ni unyevu. Nilipomfunua niliona kwenye nyonga kama sarafu nyekundu. Kufikia Krismasi ilikuwa shimo, na mengine kwenye visigino. Baba Brayani alileta muuguzi wa kusafisha, alileta godoro la upepo, umeme ukikatika linalala chini kama gunia. Alihangaika, nasema kweli. Alikuwa anasimama nje ya mlango wa chumba, mgongo ukutani, anamsikia mama yake akisafishwa. Sijui wengine wanavyomsema. Mie niliyaona hayo kwa macho.

Atupele alikuwa anapiga simu. Bibi Tusa anawekewa simu sikioni, anasema, "Nipo, nimeiva." Siku moja, baada ya simu, aliniambia, "Dada Merina, nikifa asiambiwe mpaka amalize mitihani." Kwetu hilo si geni. Mwanafunzi yuko kwenye mtihani, hapewi habari ya msiba, wote mnajikaza mnamwambia nyumbani wazima. Alikufa mwezi ambao wanachuo wako kwenye mitihani. Mwili ukasafirishwa kwao Tukuyu. Atupele alipopiga, Mama Brayani alimwambia bibi amelala. Alikuwa amelala kweli, siku hiyo hiyo walikuwa wanamshusha kaburini.

Alirudi likizo, akapita kwangu kwanza kwa sababu ni njiani. Alikuwa amemnunulia bibi yake mpira mdogo wa kuminya mkononi, wa mazoezi. Nikamwambia pale pale mlangoni, begi likiwa bado begani. Hakuingia. Akaenda nyumbani kwa mjomba, na nilimfuata. Chumba cha nyuma kilikuwa kimepakwa rangi ya bluu, kina kitanda cha Brayani na picha za mpira wa miguu. Akakaa kwenye kitanda kile mpaka mtoto aliporudi shule akamwambia, "Dada, umekalia kitanda changu."

Hakulala kule tena. Likizo zake zote alilala kwangu, na hatukuwa tunaliongea. Amemaliza, anafanya kazi hospitali moja huko huko kaskazini. Watu wananiuliza, mmoja mmoja, kwa kuzunguka, kama nisingesimama ile siku ya jumuiya ingekuwaje. Najibu kwamba Bibi Tusa angekufa na ngozi nzima na Atupele angekuwa anatafuta kazi za ndani. Hakuna njia ambayo haikuwa na mtu wa kulala juu ya kidonda. Ningesimama tena. Na nikifika kitandani mie, ambaye mjukuu wangu naye anasoma, sijui nitasema nini. Natumaini nitakuwa na mdomo hata wa upande mmoja.

Msibani kwa Mwalimu, Atupele alikuja na gari la kwanza. Baada ya maziko tukakaa nyuma ya nyumba, kwenye mchanga, tunasugua masufuria ya pilau. Amenenepa kidogo, mikono ina nguvu. Akaniuliza bila kunitazama.

"Bibi, alikuwa na vidonda?"

Mie sijawahi kumpaka mtu asali. "Alikuwa navyo."

"Wapi?"

"Nyonga. Visigino. Mwisho na mgongoni."

"Virefu?"

"Vya kuona mfupa."

Akaendelea kusugua. Mchanga ulikuwa unakwaruza kwenye bati mpaka meno yanauma. Nikadhani ndiyo imekwisha, nikavuta sufuria nyingine.

"Mwaka wa kwanza," akasema, "kabla ya ile mitihani, walituonyesha picha za vidonda vya kulala. Mhadhiri akauliza nani amewahi kumhudumia mgonjwa wa kiharusi, miaka, na asipate kidonda hata kimoja. Nikanyoosha mkono peke yangu, darasa zima. Akasema, haya, waambie wenzako, ulikuwa unatumia njia gani? Bibi, nilisimama. Nilitafuta njia nikakosa. Nikamwambia, nilikuwepo."

Sikumwambia pole. Nilimmwagia maji mikononi, akanawa.